Faili Ipo, Jedwali Halipo: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Hifadhidata

Barua za safari hii zina kilio kimoja: faili za data ziko mkononi, lakini hifadhidata inakana kuzijua, au inazijua vibaya. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu aliyeiandika yuko katikati ya shida, na wapo wengi watakaofika hapo alipo.

Shikamoo Mwalimu. Seva yetu imeungua. Fundi amefanikiwa kunitolea kwenye diski folda ya hifadhidata yetu, na ndani yake kila jedwali la InnoDB lina faili mbili, kwa mfano wateja.frm na wateja.ibd. Nimeweka MySQL 5.7 kwenye mashine mpya, toleo lile lile la zamani, nikanakili folda nzima ndani ya folda ya data, nikawasha. Nikiandika SHOW TABLES majedwali yote yanajitokeza. Nikiandika SELECT napata kosa 1146: jedwali halipo. Linaonekanaje kama halipo? Faili ya wateja ni kubwa, kwa hiyo data imo. Bekapu tuliyonayo ni ya zamani mno. Mimi ni mhasibu tu niliyekabidhiwa mashine hizi, tafadhali nieleze taratibu.

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla hatujaenda mbali, zima hiyo MySQL mpya, kisha nakili folda aliyokupa fundi mahali pengine salama. Kuanzia sasa fanyia kazi nakala tu. Ile ya asili isiguswe na mtu wala programu, hata kwa kuifungua kuangalia.

Swali lako la "linaonekanaje kama halipo" ndilo lenye jibu la mambo yote. InnoDB ni injini ya MySQL, yaani sehemu inayotunza data kwenye diski. Katika MySQL 5.7, jedwali moja la InnoDB limeandikwa sehemu tatu tofauti. Faili ya .frm ina maelezo ya jedwali: majina ya safu, aina ya kila safu, indeksi. Hiyo ni mali ya seva, yaani tabaka la juu linalopokea amri zako, na SHOW TABLES hutazama faili hizo tu. Ndiyo maana majina yote yamejitokeza. Faili ya .ibd ina data yenyewe pamoja na indeksi zake, zikiwa zimepangwa katika kurasa za kilobaiti 16. Sehemu ya tatu ni kamusi ya ndani ya InnoDB, nayo imo katika faili iitwayo ibdata1. Faili hiyo haikai ndani ya folda ya hifadhidata yako. Iko ngazi moja juu yake. Kamusi hiyo ndiyo inayosema kwamba jedwali la wateja lina namba fulani ya nafasi ya kuhifadhia, na namba hiyo hiyo imepigwa pia ndani ya kila ukurasa wa .ibd. Injini inapofungua jedwali huuliza kamusi, haiulizi folda. Kamusi ya mashine yako mpya haijawahi kusikia habari za wateja, basi injini inajibu kwa haki kabisa kwamba jedwali halipo.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza si amri yoyote. Mrudie fundi umuulize kama anaweza kuiokoa ibdata1 pamoja na ib_logfile0 na ib_logfile1. Zikipatikana zikiwa nzima, achana na yote nitakayoandika hapa chini. Chukua folda yote ya data ya seva ya zamani, iweke kama ilivyo kwenye mashine mpya yenye toleo lile lile, hakikisha faili zote ni mali ya mtumiaji mysql, uwashe. InnoDB itasoma kumbukumbu zake na kujirekebisha yenyewe. Faili za ib_logfile zina mabadiliko ambayo huenda yalikuwa hayajafika kwenye .ibd seva ilipozimika ghafla, kwa hiyo usizidharau kwa sababu ya jina lake. Watu huzifuta wakidhani ni logi za kawaida za kusoma makosa.

Zisipopatikana, tutaiandikia injini upya maelezo ya jedwali, kisha tuiunganishe na faili ya zamani. Anza na jedwali dogo kuliko yote, lile ambalo likiharibika hulii.

Unahitaji kauli kamili ya CREATE TABLE. Itafute kwanza katika ile bekapu ya zamani: hata kama data yake imepitwa na wakati, maelezo ya majedwali mengi yatakuwa hayajabadilika. Kama mfumo wenu uliandikwa na mtu, muombe hati zake za kuunda majedwali. Ukikosa kote, .frm yenyewe inasomeka kwa chombo kiitwacho mysqlfrm, kikiendeshwa na chaguo la --diagnostic. Hakitoi kila kitu: funguo za kigeni (viungo kati ya jedwali na jedwali) hazimo ndani ya .frm, na habari za seti ya herufi zinaweza kukosewa, kwa hiyo linganisha na chanzo kingine chochote ulicho nacho.

Sasa tengeneza hifadhidata mpya tupu, unda jedwali kwa kauli hiyo, kisha:

ALTER TABLE wateja DISCARD TABLESPACE;

Amri hii inaifuta ile .ibd mpya tupu na kuiambia kamusi kwamba jedwali hili lipo, ila kwa sasa halina faili. Nakili wateja.ibd ya zamani mahali ilipokuwa hiyo iliyofutwa, mpe mysql umiliki wake, halafu:

ALTER TABLE wateja IMPORT TABLESPACE;

Hapo injini inapitia faili ukurasa kwa ukurasa na kubadilisha ile namba ya zamani iwe namba mpya iliyo kwenye kamusi. Kwa jedwali kubwa itachukua muda, usiikatize. Utapewa onyo kwamba faili ya .cfg, yenye maelezo ya muundo wa jedwali, haikupatikana, kwa hiyo muundo hautahakikiwa. Ni onyo tu, kazi inaendelea, lakini maneno yake yana uzito, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Faili ya .ibd katika toleo hili haijui majina ya safu zako. Ni baiti zilizopangwa kwa utaratibu ambao maelezo ya jedwali peke yake ndiyo yanayoujua. Ni sawa na daftari la hesabu lililonyofolewa ukurasa wa kwanza wenye vichwa vya safu: tarakimu zote zipo, lakini ipi ni bei na ipi ni idadi, daftari halikwambii. Ukiandika INT mahali palipokuwa BIGINT, au ukibadilishana nafasi za safu mbili, bila .cfg injini inaweza kuipokea faili na kuanza kusoma baiti nne mahali penye nane. Matokeo yake ni takwimu zinazofanana na takwimu lakini si zako, au seva inayoanguka kila ukiligusa jedwali. Kwa mhasibu, la kwanza ni baya zaidi. Ndiyo maana nikakuambia uanze na jedwali dogo, usome mistari yake kwa macho, uilinganishe na risiti au ripoti iliyochapishwa.

Kosa moja lina uwezekano mkubwa wa kukutokea. Utaambiwa muundo haulingani kwa sababu jedwali lako ni ROW_TYPE_DYNAMIC na faili ni ROW_TYPE_COMPACT. Chanzo chake ni kwamba kuanzia 5.7.9 mpangilio wa kawaida wa mistari ni DYNAMIC, na kabla ya hapo ulikuwa COMPACT. Kama mlianza na toleo la zamani kisha mkapandisha, majedwali yaliyoundwa zamani yalibaki na mpangilio wake. Dawa ni kuliunda jedwali upya ukiongeza ROW_FORMAT=COMPACT mwishoni mwa kauli, kisha urudie hatua zile zile.

Jedwali likishasomeka, endesha CHECK TABLE, kisha hapo hapo litoe kwa mysqldump kwenda kwenye faili ya maandishi. Usilitumie kwa kazi za kila siku kabla ya hilo. Kikishakuwa maandishi, mwaga kwenye seva safi, na hapo ndipo urudishe funguo za kigeni.

Utakutana na watu watakaokushauri uweke innodb_force_recovery iwe 6. Mipangilio hiyo ina ngazi 1 hadi 6, na kuanzia 4 kwenda juu inaweza kuharibu faili zako moja kwa moja. Isitoshe, imewekwa kwa ajili ya injini inayoshindwa kuwaka kwa sababu ya kurasa mbovu. Yako inawaka vizuri. Inachokosa ni rekodi kwenye kamusi. Usiguse kitu hicho.

Kwa wengine mnaosoma huku seva zenu zikiwa hai: kama nia ni kuhamisha jedwali moja la MySQL kwa kunakili faili, kuna njia ya halali. FLUSH TABLES wateja FOR EXPORT inalifunga jedwali likiwa limetulia na kuandika .cfg kando ya .ibd. Nakili zote mbili, kisha UNLOCK TABLES. Ukiiingiza upande wa pili ikiwa na .cfg yake, injini inahakiki safu kwa safu kabla ya kukubali. Na toleo la 8.0, lililotoka rasmi 2018, liliachana kabisa na .frm: kamusi ni moja, imo ndani ya InnoDB yenyewe, na nakala ya maelezo ya jedwali hutunzwa ndani ya .ibd husika. Chombo cha ibd2sdi kinaitoa nakala hiyo hata seva ikiwa imezimwa. Mabadiliko haya yalinifurahisha kuliko mengine yote ya toleo hilo, kwa sababu ya barua kama hii niliyoijibu.

Mwalimu, natumia PostgreSQL. Diski inajaa, nikaingia kwenye folda ya data nikakuta namba tupu: 24601, 24601.1, 24601.2, 24601_fsm, 24601_vm. Niliandika namba ya kila jedwali kwenye daftari ili nijue lipi linakula nafasi. Baada ya kufanya VACUUM FULL, jedwali lile lile lina namba nyingine kabisa! Je, naweza kuifuta faili ya jedwali nisilolihitaji? Na naweza kuipeleka faili moja kwenye seva nyingine?

Daftari lako lifunge, kaka. Namba hiyo si jina la jedwali. Jedwali lina namba yake ya kudumu katika katalogi ya pg_class, inayoitwa oid, na lina namba nyingine, relfilenode, ya faili linaloitumia kwa sasa. Siku jedwali linapozaliwa mara nyingi namba hizo mbili hulingana, jambo linalowadanganya wengi. Lakini VACUUM FULL huandika faili mpya kabisa yenye mistari hai tu, kisha katalogi inageuzwa kuelekea kwenye faili mpya na ile ya zamani inatupwa. TRUNCATE na CLUSTER hufanya vivyo hivyo, na hata ALTER TABLE inayobadilisha aina ya safu kwa namna inayolazimu kuandika upya. VACUUM ya kawaida haibadilishi namba.

Uliza katalogi kila unapotaka kujua:

SELECT pg_relation_filepath('mauzo');

Na kama una namba unatafuta jedwali, ukiwa umeingia kwenye hifadhidata yenyewe:

SELECT pg_filenode_relation(0, 24601);

Sifuri ina maana nafasi ya kuhifadhia ya kawaida. Zile .1 na .2 ni vipande, kwa sababu PostgreSQL hukata faili kila inapofika gigabaiti 1. Yenye _fsm inakumbuka nafasi zilizo wazi ndani ya kurasa, na _vm inakumbuka kurasa ambazo mistari yake yote inaonekana na kila mtu.

Kufuta faili kwa mkono, hapana. Katalogi itabaki ikielekeza mahali pasipo na kitu, na utapata makosa kila jedwali linapoguswa. Usilolihitaji liondoe kwa DROP TABLE, injini itaifuta faili yenyewe. Kujua linalokula nafasi, pg_total_relation_size inakupa jedwali, indeksi zake na mengine yote kwa pamoja, jambo ambalo kupima faili moja moja hakuwezi kukupa.

Kuhamisha faili moja, hapana tena, na hapa PostgreSQL ni mkali kuliko MySQL. Kila mstari ndani ya faili umebeba namba za miamala iliyouandika na iliyoufuta, na habari za kama miamala hiyo ilikamilika au ilibatilishwa ziko kwingine, kwenye folda ya pg_xact. Maandishi marefu nayo huenda hayamo humo. Yanakaa katika jedwali la pembeni la TOAST lenye faili yake. Faili uliyoichomoa peke yake haina njia ya kusema mstari upi ni wa kweli. Badala yake litoe jedwali kwa pg_dump -t mauzo.

Habari Mwalimu. Tuna jedwali la nje kwenye Hive lililoelekezwa kwenye folda ya faili za CSV tunazoletewa na idara nyingine. Tangu mwezi jana safu ya kiasi imejaa NULL, lakini nikifungua faili naona takwimu zipo. Pia mwenzangu anataka tulifute jedwali tuliunde upya, mimi naogopa data itafutika. Nani yuko sahihi?

Dada, nina hakika karibu kamili kwamba idara hiyo imeongeza safu mpya katikati ya faili bila kuwaambia. Hive, chombo cha kuzisoma faili kama majedwali, haihakiki faili inapowekwa kwenye folda. Maelezo ya jedwali yamo kwenye metastore, faili ziko kwenye folda, na viwili hivyo hukutana wakati wa kusoma tu. Katika CSV kinachoamua ni nafasi: kipande cha tatu kwenye mstari kinapewa safu ya tatu ya maelezo. Kama safu ya tatu ni INT na kipande cha tatu sasa ni jina la mji, Hive haipigi kelele, inakupa NULL. Linganisha kichwa cha faili ya mwezi juzi na cha mwezi jana, utaona.

Chunguza pia koma zilizo ndani ya maandishi. Msomaji wa kawaida wa maandishi wa Hive hukata kwenye kila koma hata ikiwa ndani ya alama za kunukuu, kwa hiyo anwani yenye koma inasukuma safu zote zinazofuata. Msomaji mwingine, aitwaye OpenCSVSerde, anaheshimu alama hizo, ila anazigeuza safu zote kuwa maandishi, na itabidi ubadilishe aina mwenyewe kwenye hoja zako. Mstari wa vichwa unarukwa kwa skip.header.line.count. Kama idara hiyo inaweza kuwaletea Parquet badala ya CSV, waombeni kwa heshima na kwa msisitizo: Parquet hubeba majina na aina za safu ndani ya faili, na Hive kwa kawaida huzioanisha kwa jina. Ikishindikana, basi mwafikiane kwa maandishi kwamba safu mpya huongezwa mwisho wa mstari tu.

Faili za zamani na mpya zenye mpangilio tofauti msiziweke kwenye folda moja. Jedwali moja haliwezi kuzisoma zote mbili sawasawa. Zitengeni, mziundie majedwali mawili, kisha mziunganishe kwa mwonekano (VIEW) wenye UNION ALL. Na mkigawa folda kwa tarehe, kumbukeni kwamba folda mpya haionekani mpaka metastore ielezwe, kwa ALTER TABLE ... ADD PARTITION au MSCK REPAIR TABLE.

Kuhusu kufuta, hofu yako ni ya haki na mwenzako anaweza kuwa sahihi; inategemea jedwali lilivyoundwa. Endesha DESCRIBE FORMATTED na jina la jedwali. Ukiona MANAGED_TABLE, kulifuta kunafuta na faili. Ukiona EXTERNAL_TABLE, faili zinabaki, isipokuwa kwenye orodha ya sifa kuna external.table.purge yenye thamani ya true. Soma pia Location uhakikishe ndiyo folda unayoifikiria. Hifadhi matokeo ya SHOW CREATE TABLE kwenye faili ya maandishi kabla ya kuandika DROP.

Mimi ni mwanafunzi. Kwa nini SQLite naibeba kwenye fleshi bila shida yoyote, wakati hizi nyingine zina mambo mengi hivi?

Kwa sababu katika SQLite maelezo na data vinasafiri ndani ya faili moja. Ifungue uandike SELECT name, rootpage, sql FROM sqlite_master. Utaona kauli yako ya CREATE TABLE karibu neno kwa neno kama ulivyoiandika, na kando yake namba ya ukurasa ambapo data ya jedwali hilo inaanzia ndani ya faili hiyo hiyo. Hakuna kamusi iliyobaki nyuma kwenye mashine. E. F. Codd wa IBM alipopendekeza modeli ya majedwali mwaka 1970, hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mtumiaji asilazimike kujua data imekaaje kwenye mashine; hifadhidata zote nilizozitaja leo zinatimiza hilo, ila kila moja imechagua mahali pake pa kuweka kiungo kati ya jedwali na faili, na ukitaka kuhamisha faili lazima ujue ni wapi.

Angalizo moja: ukikuta faili nyingine yenye jina lile lile ikimalizikia -wal, programu bado imeifungua hifadhidata au haikufungwa vizuri, na humo ndani yanaweza kuwamo mabadiliko ya karibuni ambayo hayajaingia kwenye faili kuu. Funga programu kwanza. Ikiwa -wal bado ipo, zibebe zote mbili pamoja.